Nanochembe zimekwenda wapi? Mwongozo wa kuandaa na kuchunguza uso wa filamu nyembamba ya polima

Ukitia nanochembe, yaani chembe za nanomita chache tu (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), kwenye filamu ya polima yenye unene wa nanomita 50, swali la kwanza ni zimekwenda wapi. Swali la umetia kiasi gani linafuata baadaye. Zikipanda juu, uso unaokutana na hewa unapata vinundu na tone la maji linakaa juu yake kwa namna nyingine. Zikizama chini, uso wa juu unabaki laini vilevile, lakini filamu inashikamana na kigae chake, yaani kipande cha silikoni ilichopakwa juu yake, na haichaniki ovyo ikipashwa joto. Zikibaki katikati zikiwa zimetawanyika, huenda usione chochote kwa juu. Zikikutana zikawa madonge, kila kipimo utakachochukua kitakuwa kinapima madonge hayo, wala si nanochembe. Ndiyo maana filamu mbili zenye asilimia ileile ya nyongeza zinaweza kuwa na nyuso tofauti kabisa, na mtu anayeandika asilimia peke yake kwenye ripoti anakuwa hajasema jambo lenye uzito.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa kemia, fizikia au uhandisi mwenye mashine ya kupaka kwa kuzungusha, mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya miligramu, na nafasi ya kutumia hadubini ya AFM, ile inayopapasa uso kwa sindano nyembamba, hata kama ni ya chuo jirani. Polima, yaani molekuli ndefu za mnyororo kama za plastiki, ni polistirini: inayeyuka vizuri katika tolueni, hainyonyi maji, na tabia yake katika filamu nyembamba imechunguzwa kwa miaka mingi, kwa hiyo unajua unachotarajia. Nanochembe ni za aina mbili. Ya kwanza ni fulereni C60, molekuli ya kaboni yenye umbo la mpira na kipenyo cha nanomita 1 hivi. Ya pili ni silika ya mviringo yenye kipenyo cha nanomita 12.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kufungua chupa

Andika vipimo vinne kwenye daftari: unene wa filamu, kipenyo cha nanochembe, ukubwa wa mnyororo wa polima uliojikunja, na nafasi itakayobaki kati ya nanochembe moja na nyingine.

Mnyororo wa polistirini wenye uzito wa molekuli 100,000 hujikunja ukawa bonge lenye nusu kipenyo cha nanomita 9 hivi. Nanochembe ambayo nusu kipenyo chake ni kidogo kuliko hapo ina nafasi nzuri zaidi ya kuchanganyika na minyororo. Iliyo kubwa zaidi mara nyingi husukumwa nje. C60 iko salama kabisa. Silika ya nanomita 12, yenye nusu kipenyo cha 6, iko ndani ya mpaka lakini si mbali nao.

Nafasi kati ya nanochembe hupatikana hivi: gawanya 0.64 kwa sehemu ya ujazo inayochukuliwa na nanochembe, tafuta kipeuo cha tatu cha jibu, toa 1, kisha zidisha kwa kipenyo. Silika ya nanomita 12 ikichukua asilimia 1 ya ujazo, kipeuo cha tatu cha 64 ni 4. Ukitoa 1 unabaki na 3. Mara 12 ni nanomita 36. Tazama maana yake: katika filamu ya nanomita 50, pengo la kutoka chembe hadi chembe linakaribia unene wa filamu yenyewe. Karibu kila mnyororo uko jirani na nanochembe fulani. Hiyo ndiyo sababu asilimia 1 tu inaweza kuleta mabadiliko ambayo unga wa kawaida wa chokaa au talki usingeleta hata kwa asilimia 20.

Angalia pia kama unahesabu kwa uzito au kwa ujazo. Silika ni nzito karibu mara mbili ya polistirini, kwa hiyo asilimia 5 kwa uzito ni karibu 2.5 tu kwa ujazo. Na usisahau eneo: gramu moja ya chembe hizi ina uso wa zaidi ya mita za mraba 220. Huo wote ni uso ambao polima inapaswa kukubali kuugusa, na ikikataa, nanochembe zitakumbatiana zenyewe kwa zenyewe.

Hatua ya 2: Chagua ngozi ya nanochembe

Hapa ndipo kazi nzima inapoamuliwa, na ndipo wengi wanapopita haraka. Mambo matatu yanavutana ndani ya filamu inapokauka.

La kwanza ni nishati ya uso. Kitu chenye nishati ndogo ya uso hupenda kukaa hewani. Polistirini ina milinyutoni 40 kwa mita hivi. Silika tupu, yenye vikundi vya hidroksili vinavyopenda maji, iko juu zaidi ya hapo, kwa hiyo haitapanda yenyewe. Itashuka kwenye kigae au itafanya madonge. Ukiivika minyororo ya silikoni (ile ya mpira, si silikoni ya kigae) au ya florini, yenye nishati ya karibu 20, itapanda juu. Ukiivika minyororo mifupi ya polistirini yenyewe, itatulia ndani.

La pili ni uhuru wa minyororo. Mnyororo uliobanwa na ukuta mgumu hauwezi kujikunja kwa kila namna unayotaka. Nanochembe ndogo ikikaa ukutani badala yake, minyororo inapata nafasi ya kupumua. Msukumo huu huzipeleka nanochembe kwenye kigae hata pale ambapo kemia haionyeshi mvuto wowote kati yake na kigae, na ndio unaotajwa sana kueleza tabia ya C60 katika polistirini.

La tatu ni mwendo wa kukauka. Kiyeyushi kikiruka, uso wa mmumunyo unashuka. Uso ukishuka upesi kuliko nanochembe zinavyoweza kukimbia, zitarundikana juu na kufanya utando, kama ule wa juu ya maziwa yaliyochemshwa. Hatari hii huongezeka kadiri chembe zinavyokuwa kubwa na tabaka la mmumunyo linavyokuwa nene. Kwa hiyo filamu iliyomwagwa na kuachwa ikauke mezani na filamu iliyozungushwa, ijapokuwa zimetoka chupa moja, hazina haki ya kulinganishwa.

Ushauri wangu kuhusu silika: nunua iliyokwisha kutawanywa ndani ya tolueni au kiyeyushi kinachochanganyika nayo, ikiwa imevikwa ngozi inayokimbia maji. Usianze na unga mkavu. Silika ya unga iliyotengenezwa kwenye ndimi za moto ina chembe ndogo zilizoungana kwa joto, na beseni la mawimbi ya sauti halitazitenganisha. Lebo inaweza kusema nanomita 12, lakini kitakachoingia kwenye filamu yako ni mashada yanayozidi unene wa filamu.

Hatua ya 3: Safisha vigae

Kata kigae cha silikoni vipande vya sentimita 1.5. Suuza kwa asetoni, kisha isopropanoli, kausha kwa naitrojeni, halafu weka kwenye mwanga wa urujuanimno wenye ozoni kwa dakika 15. Dondosha tone la maji kwenye kipande kimoja cha majaribio: likitandaa lote, vigae viko tayari. Likisimama, rudia. Slaidi ya kioo inafaa kwa mazoezi, ila kupima unene juu yake ni tabu.

Hatua ya 4: Andaa mmumunyo

Fanya kazi hii ndani ya chemba ya kufyonza hewa. Mvuke wa tolueni unaumiza kichwa na neva, na tolueni hupenya glavu za nitraili ndani ya dakika chache, kwa hiyo zibadilishe mara tu zinapolowa. Nanochembe kavu zisipeperuke hewani. Zikiwa ndani ya kimiminika hatari ya kuzivuta ni ndogo sana.

Yeyusha gramu 0.2 za polistirini katika gramu 9.8 za tolueni. Acha usiku kucha, kisha chuja kwa chujio la tefloni lenye matundu ya mikromita 0.2. Huo ni mmumunyo mama wa asilimia 2.

Kwa C60, andaa miligramu 1 kwa kila mililita ya tolueni. Rangi yake ni ya zambarau iliyoiva, nzuri kuitazama, na rangi hiyo ni kipimo chako cha kwanza: zambarau angavu maana yake imeyeyuka, kahawia yenye vumbi maana yake haijayeyuka. Tolueni hubeba takriban miligramu 2.8 tu kwa mililita kwenye joto la kawaida la chumba, kwa hiyo usilazimishe zaidi. Hifadhi kwenye chupa nyeusi, mbali na mwanga.

Sasa changanya. Chukua gramu 5 za mmumunyo mama wa polistirini, yaani miligramu 100 za polima. Ukitaka C60 iwe asilimia 1 ya vitu vikavu, ongeza mililita 1.0 ya mmumunyo wa zambarau. Kwa asilimia 3, ongeza 3.1, kwa asilimia 5, ongeza 5.3. Kisha jaza tolueni hadi jumla ifike gramu 10. Chupa ya nne isiwe na nanochembe kabisa. Hiyo ndiyo filamu ya kulinganishia, na bila hiyo matokeo mengine yote hayana pa kusimamia. Kujaza hadi gramu 10 kila mara si urembo: ukisahau, chupa zitatofautiana kwa ukali wa polima, filamu zitatofautiana kwa unene, na utaishia kuisingizia nanochembe kosa la mizani.

Kwa silika fuata hesabu hiyohiyo kwa kutumia kiwango kilichoandikwa kwenye lebo. Weka chupa kwenye beseni la mawimbi ya sauti kwa dakika 10 hadi 15, ukitia barafu ili maji ya beseni yasipande joto. Halafu iache itulie usiku mmoja. Asubuhi inua chupa, itazame kitako chake dhidi ya mwanga. Ukiona unga umekaa chini, hata kidogo, mmumunyo huo usiutumie, kwa sababu kilichobaki juu hakilingani tena na asilimia uliyoandika.

Hatua ya 5: Zungusha

Funika kigae chote kwa mmumunyo kabla ya kuwasha mashine. Tone moja la katikati huacha miale inayotoka kitovuni. Mizunguko 2,000 kwa dakika kwa sekunde 60 itakupa filamu ya nanomita 40 hadi 50 hivi. Unene hupungua kwa kipeuo cha pili cha kasi, kwa hiyo ukitaka nusu ya unene huna budi kuzidisha kasi mara nne. Ni nafuu kupunguza ukali wa mmumunyo.

Macho yako ni kifaa pia. Juu ya silikoni, filamu ya nanomita 50 ina rangi ya hudhurungi hafifu, na ya nanomita 100 ina buluu. Rangi ikiwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, umefanikiwa. Ikiwa na madoa yenye mikia kama ya nyota mkia, kila doa lina donge au vumbi kichwani mwake.

Kwa walio Mombasa, Dar es Salaam au Unguja, unyevu wa hewa ni jambo la kupima na kuandika. Kiyeyushi kinachoruka upesi hupoza uso, mvuke wa maji hewani unapoa ukawa vitone vidogo, na vitone hivyo huacha mashimo kwenye filamu. Kwa klorofomu tatizo ni kubwa. Kwa tolueni ni dogo lakini lipo msimu wa mvua. Filamu ikitoka na weupe wa ukungu, kabla ya kulaumu nanochembe tazama filamu ya kulinganishia: ikiwa nayo ina ukungu, kosa ni la hewa. Kupuliza naitrojeni kavu ndani ya mfuniko wa mashine hutibu.

Kausha filamu kwenye oveni ya ombwe kwa nyuzi 60 usiku kucha. Usivuke hapo kwa sasa. Polistirini hulainika karibu na nyuzi 100, na ukilifikia joto hilo nanochembe zitaanza kuhama kabla hujazipiga picha. Andaa angalau filamu tatu kwa kila kiwango, na uandike nyuma namba tu, pasipo asilimia, ili anayepima asijue anachotarajia.

Hatua ya 6: Pima unene

Pitisha wembe kwa mkono mwepesi. Polima itakatika, silikoni itabaki. Pima kina cha mfereji kwa AFM sehemu tatu, mbali na kingo zilizovimba.

Hatua ya 7: Soma uso kwa AFM

Piga picha za mikromita 1, 5 na 20 kwa kila filamu. Mparuzo, yaani kiasi ambacho uso unapanda na kushuka, ule unaoandikwa Rq, hubadilika na ukubwa wa picha, kwa hiyo namba isiyotaja ukubwa wa picha haina maana. Polistirini tupu iliyozungushwa vizuri huwa na mparuzo wa chini ya nanomita 1.

Ukiona vinundu, amini kimo chake, usiamini upana wake. Ncha ya sindano ina nusu kipenyo cha karibu nanomita 10, yaani ni nene kuliko nanochembe unayoitafuta, na kila kinundu huonekana kipana kuliko kilivyo. Kinundu chenye kimo cha nanomita 4 katika filamu yenye silika ya nanomita 12 kinasema chembe imezama theluthi mbili. Kinundu cha nanomita 40 ni donge.

Pembeni ya picha ya kimo washa picha ya awamu, inayoonyesha jinsi sindano inavyoitikia ugumu na unato wa uso. Kinundu kinachong'aa tofauti na mazingira yake kwenye picha hiyo huenda ni silika iliyo wazi. Kisichotofautiana huenda kimefunikwa na polima. Tofauti hii ndiyo itakayoamua maji yatafanya nini katika hatua inayofuata.

Hatua ya 8: Dondosha maji

Dondosha maji safi ya mikrolita 3, piga picha ya ubavuni kwa simu yenye lenzi ya karibu, na pima pembe ya mguso, yaani pembe kati ya ukingo wa tone na uso wa filamu, pande zote mbili za tone. Sehemu tano kwa kila filamu. Polistirini laini hutoa pembe ya karibu nyuzi 90.

Hapo kuna mtego. Vitabu vinasema mparuzo huongeza tabia iliyopo: uso unaopenda maji utapenda zaidi, unaokimbia utakimbia zaidi. Ni kweli, lakini kanuni hiyo inazidisha kosaini ya pembe, na kosaini ya nyuzi 90 ni sifuri. Filamu yenye pembe ya 88 ukiiongezea eneo la uso kwa asilimia 30, ambao ni mparuzo mkali, pembe inasogea hadi 87.4 tu. Hutaweza hata kuiona kwa simu. Kwa hiyo pembe ikibadilika kwa nyuzi nyingi kwenye polistirini, tafuta sababu nyingine. Imeshuka? Silika tupu imejitokeza: sehemu moja tu ya kumi ya uso ikiwa silika safi, pembe hushuka kutoka 90 hadi 84. Imepanda juu sana ya 100? Ama ngozi ya nanochembe yenyewe inakimbia maji, ama hewa imenaswa chini ya tone kati ya vinundu.

Hatua ya 9: Igeuze filamu

Hatua hii haihitaji mashine mpya, na inajibu swali ambalo picha za juu haziwezi. Zungusha filamu moja ya ziada juu ya mika, madini yanayobanduka tabaka kwa tabaka, iliyobanduliwa upya. Kwaruza kingo zake kwa wembe. Shika kipande kwa koleo, kiingize kwenye bakuli la maji safi kwa mteremko, polepole. Maji yatapenya chini ya filamu, nayo itajibandua na kuelea, ikionekana kama mng'ao tu juu ya maji. Sasa chukua kigae safi, kishushe kutoka juu hadi kiguse filamu, kisha kiinue. Upande uliokuwa chini sasa unatazama nje. Kausha, rudia hatua ya 7 na ya 8.

Kumbuka kwamba mika si silikoni. Ukuta tofauti unaweza kuvuta nanochembe tofauti. Lakini uso wa juu ukiwa laini na wa chini ukiwa na vinundu, mwelekeo wa chembe umeupata.

Hatua ya 10: Pasha joto uone kama itachanika

Andaa filamu nyembamba zaidi, za nanomita 20 hadi 30, kwa kutumia mmumunyo wa asilimia 0.5. Ziweke kwenye bamba la moto la nyuzi 150 hadi 170, chini ya hadubini ya kawaida, na upige picha kila dakika tano. Zikihitaji saa nyingi, tumia ombwe au naitrojeni ili polima isioze kwa oksijeni. Au chagua polistirini yenye minyororo mifupi, inayotiririka upesi.

Filamu tupu hutoboka. Tundu la mviringo linafunguka, polima iliyokuwemo inajikusanya ukingoni, matundu yanapanuka hadi kingo zinakutana na kuchora pembenyingi, kisha kingo zenyewe zinakatika kuwa safu za matone. Filamu yenye C60 ya kutosha hubaki nzima, au matundu yake yanaanza na kusimama. Watafiti wa NIST, taasisi ya taifa ya viwango na teknolojia nchini Marekani, walichapisha jambo hili mwaka 2000, na kwa kutumia miale ya nyutroni iliyoakisiwa walionyesha kwamba C60 ilikuwa imejipanga kwenye kigae, chini ya polima. Nanochembe zisizoonekana kwa juu ndizo zilizookoa uso wa juu.

Rudia AFM baada ya filamu kupoa. Kwa viwango vikubwa joto linaweza pia kuzipa nanochembe nafasi ya kukutana na kuwa madonge, na hapo mparuzo utapanda ingawa filamu haijachanika.

Hatua ya 11: Soma vipimo pamoja, kisha rekebisha

Juu laini, chini kuna vinundu, filamu haichaniki: nanochembe zimeshuka. Kama lengo lako ni uimara, acha mapishi yalivyo. Kama ulitaka kubadilisha uso wa juu, kuongeza asilimia hakutasaidia. Badilisha ngozi iwe ya silikoni au florini.

Juu kuna vinundu vya kimo kinacholingana, picha ya awamu haitofautiani, pembe ya maji haijabadilika: nanochembe ziko juu lakini zimefunikwa na polima. Ukitaka zijitokeze, chovya filamu kwenye plasma ya oksijeni, yaani gesi ya oksijeni iliyochajiwa kwa umeme, kwa sekunde chache. Polima italika, silika itabaki. Pima pembe papo hapo, kwa sababu plasma hubadilisha polistirini yenyewe pia, na ulinganishe na filamu tupu iliyopitia plasma ileile.

Vinundu vya vimo tofautitofauti na madoa yenye mikia: ni madonge. Rudi hatua ya 4, punguza kiwango hadi asilimia 1, na usipande hadi picha ya mikromita 20 iwe safi.

Hakuna tofauti yoyote, juu wala chini, wala kwenye joto: ama chembe zimetawanyika ndani, ama hazikufika kwenye filamu kwa kiasi ulichohesabu. Pima tena mmumunyo wenyewe: kausha mililita chache kwenye kikombe cha alumini kilichopimwa uzito, na uone kama vitu vikavu vinalingana na hesabu yako. Mabaki ya tolueni yenye nanochembe yamwage kwenye chupa ya taka za viyeyushi iliyoandikwa yaliyomo, kamwe si kwenye sinki.